Chungu Kimoja, Miaka Thelathini

Kyela mjini
Jumatatu, 17 Juni 2024

Kaka Lusungu,

Ugonile, umelalaje? Mimi leo ndiyo nimelala. Jana mama alipotoka kukuona huko mahabusu alinipigia simu, akasema jicho la kushoto limeanza kufunguka, unaongea, na ugali umeumaliza. Nilikaa chini ya kaunta nikacheka peke yangu mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaondoka zake. Siku zote hizi nilikuwa nakuona umekufa. Wale vijana waliokuja na gari la Ridhwani, mnunuzi wa mama, wakishaita mwizi huwa hawaulizi mwizi wa nini. Mungu ambariki mwenyekiti Yohana aliyekukalia mpaka polisi wakafika. Mama anasema alikukalia kweli, kama mtu aliyekalia gunia la mpunga, na kila aliyetaka kukupiga ilibidi ampige yeye kwanza.

Sasa nisikilize. Nimesoma. Nimepakua Kanuni ya Adhabu yote kwenye simu, nikaichapa hapa dukani nyuma ya karatasi zilizoharibika, kwa hiyo nyuma ya kifungu cha kujeruhi kuna mwaliko wa kipaimara cha mtoto wa watu. Sijali. Nimesoma mpaka macho yanawasha.

Hati yako inasema unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A. Kwamba tarehe nane Juni, sokoni Lyulilo, uliiba chungu kimoja mali ya Ridhwani, na papo hapo ukamkata kiganja kwa panga. Kosa hilo halina dhamana, ndiyo maana mwenyekiti alikuja kukudhamini akarudishwa mlangoni. Na adhabu yake haishuki chini ya miaka thelathini. Thelathini, kaka. Wewe una ishirini na sita.

Lakini usizimie, mimi nilishazimia kwa niaba yako. Unajua mama anavyopanga vyungu, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa? Makosa haya nayo yamepangwa hivyohivyo. Cha ndani kabisa ni shambulio la kawaida: umemsukuma mtu, umemzaba kibao, mwaka mmoja. Akipata jeraha, ni shambulio la kudhuru mwili, mpaka mitano. Ukimlemaza ni madhara makubwa, mpaka saba. Halafu wanauliza swali jingine kabisa: je, uliiba? Maana wizi ukichanganya na nguvu ndiyo unyang'anyi, na unyang'anyi ukichanganya na silaha ndiyo huo wako. Wakikosa silaha, kile kikubwa kimepasuka. Wakikosa wizi, vya juu vyote viwili vimepasuka, kinabaki kidogo cha ndani. Nilipoelewa hilo nilipiga meza, stepla ikaanguka.

Kwa hiyo niambie ukweli. Panga lilikuwa wapi? Ulimgusa yule baba? Na chungu kilikuwa cha nani mpaka ukaking'ang'ania? Mimi asubuhi ile niliwatolea vyungu nje nikadaka gari la saa mbili, sikuona kitu.

Afande unayesoma barua hii kabla ya kaka yangu, shikamoo. Hakuna siri humu, ni sheria tupu.

Mdogo wako,
Atupele


Mahabusu
Jumapili, 23 Juni 2024

Atu,

Barua yako nimeisoma, na chumba kizima kimeisomewa. Kuna jamaa mmoja, Gwamaka, yuko humu kwa kugombana na shemeji yake, amenikaririsha hilo la vyungu vitatu kama sala. Anataka kujua yake iko kwenye chungu kipi. Mwulizie: alimng'ata.

Mimi mzima. Siku ya kwanza waliniuliza nimeiba nini kwa silaha. Nikasema chungu. Wakaniuliza cha dhahabu? Nikasema cha kupikia. Walicheka mpaka askari akagonga mlango. Sasa hivi jina langu humu ni Bwana Chungu.

Uliyouliza. Panga ni la kazi, unajua mwenyewe, mfungaji wa vyungu bila panga atakata majani ya migomba kwa meno? Sikumkata mtu. Na sikumgusa. Chungu kilikuwa chungu tu, usikifikirie.

Usiache kazi kwa ajili yangu. Usiende kugombana na Ridhwani. Kesi ilitajwa juzi, wakasema upelelezi haujakamilika, tukarudi. Nitatajwa tena, watasema tena. Watu humu wana miezi saba wanaambiwa maneno hayohayo. Mwambie mama asije kila Jumapili, miguu yake.

Kaka yako,
Lusungu


Kyela mjini
Jumatano, 26 Juni 2024

Mzee Ridhwani, Baba Sabrina, shikamoo.

Mimi ni Atupele, binti wa mama Tulinagwe mfinyanzi wa Lyulilo, mdogo wake Lusungu. Tafadhali usiikunje barua kabla hujafika mwisho. Sikupigii simu kwa sababu nimesoma kwamba ndugu wa mshtakiwa akimpigiapigia shahidi anaweza kuonekana anamtisha, na mimi sina hata sauti ya kumtisha kuku. Ndiyo maana barua iko wazi, haikugundishwa, na kopi yake nimempa mwenyekiti Yohana. Mtu yeyote wa hapo Kasumulu anaweza kuisoma.

Kwanza pole na mkono. Mama anakupa pole pia. Anasema umenunua vyungu kwake miaka sita na hujawahi kumrudishia hata kimoja kwa hila.

Sikuombi ufute kesi. Sikuombi useme kitu ambacho hukukiona. Nauliza jambo moja tu, na ukikaa kimya nitaelewa. Wewe mwenyewe, kwa macho yako, uliliona panga likikugusa? Au uliona damu, kisha ukaona panga?

Kwa sheria, baba, kati ya hayo mawili kunaweza kuwa na miaka ishirini na tisa.

Mtoto wako,
Atupele


Kasumulu
Jumanne, 9 Julai 2024

Binti Atupele,

Marahaba. Anayeandika ni mke wangu Siti, mimi mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nasema, yeye anaandika.

(Mimi Siti naandika anavyosema. Amesema na mengine ambayo siyaandiki.)

Barua yako niliipata siku nyingi. Nikaiweka juu ya kabati. Nilikasirika, mtoto wa juzi ananiuliza nimeona nini. Kila nikipita chini ya kabati naiona.

Sikiliza ilivyokuwa. Nilinunua matenga matatu ya vyungu. Kaka yako akafunga, akashindilia majani makavu, akakaza kamba. Desturi ya hapo sokoni unaijua: tenga likishafungwa kamba halifunguliwi, si na mwuzaji wala na mnunuzi, maana ukiruhusu kufungua tu, kizima kinatoka na chenye ufa kinaingia. Tenga la tatu likawa linapakiwa. Kaka yako akachungulia kwenye matundu, akasema subiri. Nikamwambia kilichofungwa kimefungwa. Akakata kamba kwa panga. Kwangu mimi hapo ameshaniibia. Nikajua anataka kunibadilishia. Nikamkamata shati, yeye amekamata chungu kimoja kidogo kibaya kibaya, mdomo umekwenda upande. Anapiga kelele kwamba hiki ni cha Atu, hakiuzwi. Mimi Atu simjui, nikadhani ni mteja mwingine aliyempa bei nzuri. Nikavuta. Akanisukuma. Nikaangukia tenga, vyungu vikapasuka, nikainuka damu zinamwagika na panga liko pale. Nikasema kanikata. Nilisema hivyo pale, nikasema hivyo polisi, kwenye fomu ya polisi ya matibabu wakaandika kitu chenye makali. Sikudanganya mtu. Niliamini.

Sasa. Kidonda kilikataa kufunga. Kosa langu, sikurudi kusafishwa, nilikuwa napaka asali.

(Nilimwambia arudi. Mara nne.)

Mkono ukavimba. Jumapili nikaenda hospitali, daktari akapasua upya, akatoa kitu kwa koleo, akakiweka kwenye sahani. Kigae, binti yangu. Urefu wa ukucha, chekundu upande mmoja. Akaniuliza, mzee, ulikatwa na nini? Nikamwomba kile kigae niondoke nacho.

Usiku na mchana nimejiuliza panga lilikuwa wapi. Na kila nikilikumbuka nalikumbuka limesimama, limechomwa kwenye mchanga karibu na majani yake, hatua tatu kutoka nilipoangukia. Panga haliwezi kuwa mchangani na mkononi kwa wakati mmoja.

Sasa mimi ndiye naogopa. Nikienda polisi kusema hivi, si watanifunga mimi kwa kutoa taarifa ya uongo? Nina watoto watatu. Wewe uliyesoma hebu niambie, na usinifiche kwa kumpenda kaka yako.

Ridhwani Ahmada

(Na mimi Siti nauliza langu: Atu ndiyo wewe?)


Kyela mjini
Jumatano, 10 Julai 2024

Lusungu,

Ukiona mwandiko umepinda ni furaha na hasira kwa pamoja.

Ni kigae. Kimetolewa mkononi mwa Ridhwani, kigae cha chungu, na yeye mwenyewe anakumbuka panga lilikuwa limechomwa mchangani. Nimesoma barua yake nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda nyuma ya duka nikapiga magoti kwenye matope. Chungu kikubwa kimepasuka, kaka. Silaha haipo.

Sasa hasira. "Chungu kilikuwa chungu tu, usikifikirie." Wewe mtu. Kilikuwa changu. Kile nilichofinyanga nikiwa na miaka saba, mdomo umekaa upande kama mtu anayezuia kicheko, ambacho mama alisema cha kwanza cha binti hakiuzwi hata njaa iingie. Na nani alikitoa nje asubuhi ile? Mimi. Nilikuwa nakimbilia gari, stoo kuna giza, nikabeba kile chungu kikubwa bila kuangalia ndani yake kuna nini. Wewe ulijua. Wiki nne umekaa humo unajua, na ukaninyamazia ili nisilie. Nimelia sasa, umefaidi nini?

Tena kwa kuninyamazia ulikuwa unajifunga mwenyewe. Sikiliza kifungu cha tisa: mtu akichukua kitu akiamini kwa moyo safi kuwa ni haki yake, hana nia ya kulaghai, huyo hakuiba. Ulikuwa unachukua chungu cha nyumbani kwetu kilichotoka kwa bahati mbaya. Uliamini hivyo na ulipiga kelele hivyo mbele ya soko zima. Hakuna wizi. Na bila wizi hakuna unyang'anyi wa aina yoyote, wa silaha wala wa mikono mitupu. Kitu pekee kilichokuwa kinakuokoa ndicho ulichokificha.

Sasa la mwisho, na usinifokee. Ulimsukuma. Yeye anasema ulimsukuma, na anavyosema mengine yote kwa ukweli, na hili namwamini. Uliniandikia hukumgusa. Ukiendelea kusema hukumgusa, hakimu atajiuliza kama na yale mengine ni uongo. Ukubali kile kidogo cha ndani. Kosa dogo la aina hiyo, mahakama inaruhusiwa hata kuwapatanisha mkayamaliza. Lile kubwa hakuna wa kulipatanisha.

Ridhwani nimemjibu. Anaogopa atashtakiwa kwa uongo. Nimemwambia uongo ni kusema unachojua si kweli, na yeye alikuwa hajui. Nimemwambia pia, kama anataka, amuulize wakili yeyote Kyela asinitegemee mimi, mimi ni mtoto wa kutoa kopi. Sijui kama atakwenda.

Mwambie Gwamaka kung'ata inategemea na alama aliyoacha.

Atupele


Mahabusu
Jumapili, 14 Julai 2024

Atu,

Nisamehe kwa lile la chungu. Nilidhani nikikaa kimya nabeba mimi peke yangu.

Hilo la kukubali ndilo gumu. Humu wanasema ukikiri hata kupiga chafya umekwisha, wanaanzia hapohapo kukupandisha. Mzee mmoja amenishika bega, akaniambia kataa kila kitu mpaka jina lako. Na wewe unasema nikubali. Yeye ameingia humu mara tatu. Wewe hujawahi kuingia hata mara moja. Sasa sijui aliyeingia mara tatu ndiye anayejua, au ndiye asiyejua.

Nilimsukuma. Nimeandika, haya. Kwa mikono miwili, kifuani. Alikuwa amenishika shati la marehemu baba.

Kama Ridhwani hatakwenda polisi, kukiri kwangu kutanizika. Hilo umelifikiria?

Lusungu


Kasumulu
Ijumaa, 19 Julai 2024

Binti yetu,

Mume wangu amelala, ameniagiza nikuandikie mimi mwenyewe. Jana alikwenda. Tangu alfajiri alikuwa anavaa na kuvua kanzu, anasema leo jua kali, kesho ndiyo atakwenda. Nikamwambia Ridhwani, kigae kilichokuwa kinakuvimbisha kimetoka, sasa hiki kingine kitakuvimbisha wapi? Akachukua kikopo cha vikaratasi, tulikiweka kile kigae humo, akapanda bodaboda.

Mpelelezi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Halafu akasema, baba, rudia polepole, ndiyo akaandika. Ameambatanisha na karatasi ya daktari. Mume wangu akamuuliza kama anabaki pale pale au anaruhusiwa kwenda nyumbani kuaga. Mpelelezi akacheka, akamwambia kwamba watu wanaokuja kwa miguu yao kusahihisha maelezo ni wachache, nenda nyumbani kale.

Amerudi akala pilau sahani mbili kwa mkono wa kushoto. Mwezi mzima alikuwa anachokoachokoa tu. Amesema siku ya kesi atakuwepo, ila kaka yako asije akakana kwamba alimsukuma, hapo ataudhika, maana mgongo bado unamuuma.

Siti


Lyulilo
Jumapili, 28 Julai 2024

Atu,

Najua ningeweza kukupigia simu. Ila kuna mambo nikikuangalia au nikikusikia siwezi kuyasema, na kalamu nimeizoea sasa.

Alhamisi uliponiona kizimbani ukanipungia karatasi zako mpaka askari akakuambia ukae, nilitaka kucheka nikaogopa. Halafu kabla hawajaanza ukatoka nje. Mama kaniambia ulikwenda kutapika kwenye bomba la maji. Kwa hiyo hukusikia, na jioni ileile ukawahi gari kurudi dukani. Acha nikusimulie mimi, maana uliyesoma yote ndiye pekee aliyekosa kusikia.

Mwendesha mashtaka alisimama, akasema wanaliondoa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, wanaleta hati mpya. Hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mimi nikasubiri aseme "lakini". Hakusema. Wakasoma mpya: shambulio la kawaida, kwamba nilimsukuma Ridhwani Ahmada sokoni Lyulilo. Hakimu akaniuliza ni kweli au si kweli.

Yule mzee wa humo ndani alikuwa kichwani kwangu, kataa mpaka jina. Mdomo wangu ulikuwa umeshatengeneza neno si kweli, nakuapia. Nikamwona Ridhwani benchi la mbele, mkono umetundikwa shingoni kwa kanga. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri kuona kama alifanya vizuri.

Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Nilimsukuma. Hilo ni langu."

Hakimu akamuuliza Ridhwani anataka nini. Ridhwani akasema mkono unapona, mgongo utapona, anataka aombwe radhi sokoni palepale alipoangukia, si hapa mahakamani ambako hakuna anayemjua. Na akasema na yeye ana la kusema huko huko. Hakimu akatutazama wote wawili, akauliza kama tumekubaliana kwa hiari. Tukasema ndiyo. Akaandika kwa muda mrefu. Nilikuwa naangalia kalamu yake tu. Akasema shauri limemalizwa kwa suluhu, niende nyumbani, na siku nyingine nikitaka kufungua tenga la mtu nitumie mdomo kwanza. Watu wakacheka. Mimi nikageukia mlango wa mahabusu kwa mazoea, askari ndiye aliyenigeuza.

Jana, siku ya soko, nilimwomba radhi mbele ya akina mama wote wa vyungu. Kisha yeye akapanda juu ya kreti, akasema, "Huyu kijana si mwizi. Nilisema ni mwizi, nilikosea." Akarudia kwa wale vijana wa gari lake, akawasimamisha mmoja mmoja wanipe mkono. Mmoja alikuwa ndiye wa jicho. Alinishika mkono bila kuninyanyulia uso, nikamwambia basi, yameisha. Mama akapika mbasa, samaki wa ziwani, Ridhwani akala kwetu, akajilamba vidole, na kabla hajaondoka akaniuliza Jumamosi ijayo nitamfungia tenga au atafute mtu mwingine. Nikamwambia nitafunga, na kabla ya kukaza kamba tutatazama wote wawili.

Nataka kukuambia ndaga fijo, asante sana, lakini naona ni neno dogo. Kule ndani nilikuwa najiambia mdogo wangu anacheza na makaratasi, mwache acheze, inampunguzia hofu. Sikujua kwamba ulikuwa unanivuta kama mtu anayevuta mtumbwi.

Leo sijaenda kanisani, mama kaniacha. Nimelala mpaka jua limeingia mlangoni likanifikia usoni. Nikaruka, nikasimama wima ukutani mikono ubavuni, nangoja askari aje ahesabu. Nikasimama hivyo muda. Nje kuku wanakwaruza, ziwa linapiga ufukwe, hakuna anayekuja. Hakuna aliyenihesabu, Atu. Nikarudi kulala.

Kaka yako,
Lusungu